Taa za Gari la Maziwa

Lul alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na alama shavuni. Harusini alikagua sahani kabla ya kumtazama bibi harusi. Akisimama tu mlangoni kwa mtu, pua yake ilimwambia nyumba hiyo ilifagiliwa lini, na kama aliyefagia alikuwa na haraka. Watu walimcheka, lakini maziwa yake ya ngamia waliyanunua, kwa sababu mwanamke wa namna hiyo hawezi kukuuzia maziwa yenye nzi. Mitungi yake aliisugua mwenyewe kwa mchanga na maji ya moto, akaifukiza kwa moshi wa kuni mpaka ikanukia, na hakumruhusu mtu aiguse kwa ndani hata kwa ncha ya kidole.

Sasa mtazame Jumatano ile asubuhi, ameketi katika gereji ya jua kali mjini Garissa, juu ya tairi kuukuu alilolitandikia kurasa tatu za gazeti, amekusanya buibui lake magotini lisiguse chini. Na chini penyewe! Udongo ulikuwa mweusi kwa oili ya miaka, umejaa vijiti vya miraa, vifuniko vya soda, na mate ya watu waliokuwa na mdomo mpana kuliko adabu. Pembeni kulikuwa na beseni la petroli la kuoshea vyuma, na humo ndani alikuwa anaelea panya. Lul alimwona panya yule mara moja tu, akageuza uso, na tangu hapo alijua alipo bila kumtazama.

Fundi alikuwa Komora, Mpokomo wa pale mtoni, mtu wa makamo mwenye mikono myepesi na tabia ya kumenya nyaya kwa meno. Anauma waya, anavuta, anatema ganda la plastiki pembeni, kisha kwa vidole vilevile anachukua mandazi yake na kuendelea na kifungua kinywa. Lul alitazama mandazi yale yakiingia mdomoni.

"Wewe Komora, huna koleo?" alimwuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Ninayo, mama Lul. Lakini meno hayapotei."

Asingekuwa na shida, Lul angeinuka palepale. Lakini alikuwa na shida. Wanawake wauza maziwa wa Garissa wana chama, na katika chama hicho maziwa ya kila mtu hupimwa kwa ulimi wa mwenyekiti, Muslimo, kisha humwagwa katika tangi moja la baridi na kuuzwa kwa mfereji. Hakuna maziwa ya fulani na ya fulani. Mtungi mmoja mbovu ukipita huharibu tangi zima, na ndiyo maana sheria yao haina huruma: maziwa yako yakirudishwa mara tatu kwa ugonjwa wa aina moja, mitungi yako hutolewa kwenye foleni, na wateja huambiwa kwa nini. Ya Lul yalikuwa yamerudishwa mara mbili. Kila mara ni mtungi mmoja au miwili iliyokuwa imekata, maziwa yamegawanyika maji na mabonge, na ladha nyingine ambayo Muslimo hakuweza kuipa jina.

"Mepesi pia," Muslimo alisema mara ya pili, akijifuta midomo.

"Mvua imenyesha huko Bura," Lul alimjibu. "Ngamia wamekula majani mabichi."

"Basi na yakate kwa sababu ya majani? Lul, nakupa mpaka Ijumaa. Tengeneza gari lako, au kama ni kitu kingine, kitengeneze."

Kwake Lul hakikuwa kitu kingine. Lilikuwa gari, na ndani ya gari, zilikuwa taa. Pikapu yake ya taa za duara, iliyouzwa kwenye mnada na shirika moja la misaada lililokuwa likifanya kazi huko Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, ilikuwa nzima kwa injini na kipofu kwa macho. Maziwa yakikamwa Bura hayana subira. Lazima gari litoke kabla ya alfajiri na kufika mjini kabla jua halijakolea. Lakini mdogo wake Hanad, aliyekuwa akiendesha, alifika kila siku jua likiwa juu ya mapaa, na kila siku wimbo ulikuwa mmoja: taa hazioni, abaayo, dada yangu, nimekuja kwa kutambaa. Lul aliamini. Kwa nini asiamini? Ni ndugu yake wa tumbo moja, na taa zenyewe alikuwa ameziona kwa macho yake, njano kana kwamba ni za kibatari.

Jambo moja tu lilikuwa limemshangaza. Kila aliposema taa zitengenezwe, Hanad alikataa. "Gari la zamani taa zake ndizo hizo. Fundi atakuharibia tu." Kwa hiyo asubuhi hii, baada ya mitungi kushushwa na Hanad kwenda kulala, Lul alichukua ufunguo kwenye msumari na kulileta gari mwenyewe. Maziwa ya leo yote yalikuwa yamepita. Muslimo aliyaonja kila mtungi kwa uso uliokunjamana kidogo, kisha akayamwaga tangini. Lul alimshukuru Mungu na kukimbilia gereji.

Komora alitoa mita yake, akaiweka kwenye betri. Volti kumi na mbili na nusu. Akaipeleka kwenye balbu. Tisa na kidogo.

"Unaona, mama? Umeme unatoka betri, unapita waya mwembamba kama uzi, unaingia ndani mpaka kwenye swichi ya usukani, halafu unarudi tena mbele kwenye taa. Ni kama mtu anayekaa hapa, akitaka chumvi anaifuata Mombasa. Akifika nyumbani amechoka."

"Sasa?"

"Sasa tunaweka rilei. Swichi inabaki na kazi moja, kuiambia rilei washa, zima. Umeme wenyewe unatoka betri moja kwa moja, kwa waya mnene, kupitia fyuzi. Mwendo wa hatua mbili. Taa zitawaka mpaka ngamia wavae miwani."

Lul karibu acheke. Alipenda mtu anayeeleza kazi yake. Kama tu angenawa.

Komora alifungua taa ya kushoto kwanza. Ndani mlikuwa na vumbi, buibui mmoja mfu, na nyaya zilizokauka. Alipuliza, akapangusa, akaridhika. Kisha akahamia taa ya kulia, upande wa dereva. Alilegeza skrubu ya tatu, na kabla hajagusa ya nne, taa ilijisukuma yenyewe mbele, na kitu kikatoka.

Kilitoka polepole. Kilikuwa kijivu na kijani, kizito kama uji uliolala, na kilipofika kwenye bampa kilining'inia kwanza, kikafikiria, kisha kikadondoka juu ya kiatu cha Komora. Harufu ndiyo iliyofuata. Lul alijua harufu ya maziwa yaliyochacha, amekaa nayo maisha yake yote, na hii haikuwa hiyo peke yake. Kulikuwa na maziwa, ndiyo, maziwa ya zamani sana, lakini chini yake kulikuwa na tope, na chini ya tope kulikuwa na kitu cha zizini. Ndani ya ute ule mlikuwa na vijidudu vyeupe vinajikunja na kujikunjua, vimekasirika kwa kuamshwa.

"Astaghfirullah!" Lul alipiga kelele, ametupa ncha ya mtandio wake puani. "Komora! Hii uchafu gani unaweka kwa gari yangu?"

"Mimi? Mama, mimi nimefungua tu!"

Hata Komora, mtu wa kula mandazi kwa vidole vya oili, aliyaweka mandazi yake chini. Alichukua kijiti, akachokoa ndani ya tundu la taa. Soketi ya balbu ilikuwa imeoza, shaba yake imegeuka kijani na kukatika kama biskuti. Alichokoa tena, na vikaanza kutoka vijipunje vyeusi vya mviringo, vimelowa, kimoja kimoja. Alikiweka kimoja kwenye kiganja na kukiinua kwenye jua.

"Mama Lul," alisema, "hii ni mavi ya mbuzi."

"Barabarani iko mbuzi mingi. Imeruka na tope."

"Tope la barabara linatoka chini na linakaa nje, kwa kioo. Hii imeingia kutoka juu, kwa nyuma, hapa kwenye boneti." Alionyesha kwa kijiti michirizi mikavu ya kijivu, iliyoshuka ubavuni mwa madigadi kwa ndani mpaka nyuma ya taa, michirizi juu ya michirizi, ya siku nyingi. "Sasa niambie, ni mbuzi gani amepanda juu ya gari, akageuza matako hapa, akanya ndani ya taa?"

Wale mafundi wengine walicheka. Lul hakucheka. Alikuwa ametazama pale madigadi na vyuma vya mbele vya gari, ambako mitungi yake huning'inizwa. Watu wote wa maziwa husafirisha hivyo: mitungi mbele, imevishwa magunia yaliyoloweshwa, ili upepo uipoze. Mtu akitaka kuufungua mtungi njiani hatakwenda nao mbali. Atauinua kutoka kwenye chuma na kuutua palepale, juu ya madigadi ya kulia, karibu na mlango wake. Lakini nani afungue mtungi njiani, na kwa nini?

Komora alikuwa ameshahamia kwenye betri, akitafuta mahali pakavu pa kufungia rilei zake mbili. Kati ya betri na ukuta wa taa palikuwa na nafasi, na katika nafasi hiyo kulikuwa na kitambaa kimesokotwa. Alikivuta. Ndani ya kitambaa mlikuwa na galoni la oili lililokatwa katikati likawa kata, na shikio lake lilikuwa limekuwa laini kwa kushikwa.

Alimpa mwenye gari. Na Lul, ambaye hakumruhusu mtu aguse mtungi wake kwa kidole, aliipokea kata ile kwa mikono miwili. Kwa nje ilikuwa na tope la kijani mpaka kwenye ukingo. Kwa ndani ilikuwa na gamba la maziwa, tabaka juu ya tabaka. Na kwenye gamba hilo, kama zabibu kwenye keki, kilikuwa kimegandia kipunje cheusi kama vile vya kwenye taa.

Alilijua tope lile. Nje kidogo ya Bura kuna bwawa la kunyweshea mifugo. Mvua ikinyesha linajaa, na mbuzi wa watu wote huingia humo mpaka magotini, wanakunywa na kunya kwa wakati mmoja, na ngamia huja wakakojoa, na mbwa mwitu wakifa karibu hufia humo. Barabara inapita kando yake. Mavi ya mbuzi yakikauka huelea. Mtu akichota maji gizani kwa haraka, chini ya taa za njano, hayaoni.

Kwa hiyo Hanad hakuwa anatambaa. Alikuwa anasimama, anateremsha mtungi, anamimina maziwa pembeni ya kuuza kwa wenye hoteli za njiani apate miraa yake, kisha anajaza pengo kwa kata. Alikuwa anafanya hivyo mbele ya gari, kwa mwanga wa taa ileile aliyokuwa akiiozesha kila siku.

Lul alitapika. Alijaribu kufika ukutani hakufika. Alitapika pale chini, juu ya oili na vijiti na mate ya watu, na buibui lake alilolichunga asubuhi nzima likaingia ndani ya yote.

Komora alimletea maji. Alisukutua, akatema.

"Nimalize au niache?" fundi aliuliza.

Hapa ndipo mtu angetarajia Lul akimbie. Maziwa ya asubuhi yalikuwa tangini, mfereji ulikuwa wazi, watu walikuwa wanakunywa. Mwendo wa tuktuk hadi sokoni haukuzidi dakika kumi. Lakini Lul alisema, "Maliza," akarudi kuketi kwenye tairi, bila gazeti safari hii. Alijiambia kwamba lazima kwanza amsikie Hanad, maana si haki kumhukumu mtu kwa kata. Alijiambia kwamba labda leo hakuongeza. Alijiambia mengi, na huku akijiambia, mfereji ulikuwa unatiririka kule sokoni. Yeye mwenye pua ile, yeye mwenye kukagua sahani za watu, aliketi saa nzima akilinda jina lake huku wengine wakinywa mavi. Ndivyo alivyokuwa, na hakuna haja ya kumpamba.

Komora alifanya kazi nzuri, tuseme ukweli. Aliosha tundu la taa kwa sabuni mara tatu. Alikwangua chuma mpaka kikang'aa akafunga pale waya wa mwili, unaorudisha umeme betrini. Alifunga rilei ukutani, miguu ikitazama chini ili maji yasiingie, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, soketi mpya, akazungusha utepe vizuri. Alipowasha, taa zilipiga ukuta wa gereji katikati ya mchana na ukuta ukawa mweupe. Mita ilisoma kumi na mbili na kidogo. Mafundi walipiga makofi. Lul alitazama weupe ule na haukumpa raha hata kidogo.

Hanad alifika wakati huo, macho yamevimba kwa usingizi, shavu moja limejaa miraa.

"Abaayo, umechukua gari bila kuniambia?" alisema kwa Kisomali. Kisha akaiona kata mkononi mwake.

Lul alimngoja aseme kwamba haijui. Kama angekana, angalau ingeonyesha kwamba ana haya.

"Ni maji kidogo tu," Hanad alisema. "Kila mtu anaongeza."

"Kutoka bwawani."

"Sasa nitoe wapi usiku ule? Wallahi, abaayo, usilikuze. Miezi yote hii hakuna mtu aliyekufa."

Alisema hivyo huku akitafuna, na kwenye kona ya mdomo wake kulikuwa na povu la kijani. Lul alilitazama lile povu. Alikuwa amembeba mtu huyu mgongoni akiwa mchanga, akampangusa makamasi kwa ulimi wake mwenyewe kama akina mama walivyofanya, bila kuona kinyaa. Sasa hata hewa aliyoitoa hakutaka iingie puani mwake.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Kabla ya Idi kidogo."

Lul aliingia kwenye gari, akafunga mlango, akaondoka. Hanad alipiga boneti kwa kiganja akimwita, kisha akaachwa amesimama kwenye yale matapishi.

Sokoni alimkuta Muslimo ameketi kando ya tangi, na wanawake watatu wakihesabu vifuniko. Mfereji ulikuwa unamjazia chupa binti mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Lul!" Muslimo aliita, anacheka. "Nimesikia umeamkia gereji. Taa zimepona?"

"Zimepona."

"Mashallah. Basi hilo la Ijumaa limekwisha. Nafasi yako ipo, keti unywe chai."

Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Taa zimewekwa, dereva atafutwe mwingine, kesho maziwa yafike mapema na matamu, na kinywa kimoja tu kinyamaze. Lul alimtazama yule binti akifunga chupa yake. Mtoto mgongoni aliinyooshea mkono.

"Ipokonye," Lul alisema. "Muslimo, mpokonye hiyo chupa. Funga mfereji."

Aliwaambia, wote wakiwa wamesimama. Aliwaambia bwawa, mbuzi, miezi, na akaiweka ile kata juu ya meza yao safi ili mtu asidhani anatia chumvi. Mmoja wa wale wanawake alishika tumbo. Mwingine, ambaye mama yake mkwe alikuwa hospitalini wiki nzima kwa kuhara, alianza kulia kwa sauti ya chini. Maziwa ya wanawake kumi na tisa yalikuwa ndani ya tangi lile pamoja na ya Lul, na hakukuwa na namna ya kuyatenganisha. Muslimo mwenyewe ndiye aliyefungua mfereji wa chini. Maziwa yalitoka meupe, yakaingia kwenye mtaro, yakaenda.

Lul alianza kuikusanya mitungi yake kutoka kwenye foleni kabla hajaambiwa. Muslimo hakumzuia. Alikuwa anamtazama kama mtu anayejaribu kumaliza hesabu.

"Na wewe?" aliuliza. "Nyumbani kwako mnakunywa maziwa gani?"

"Hayo hayo."

"Mama yako?"

"Hayo hayo. Kila jioni, kikombe kimoja. Hanad ndiye humpelekea."

"Na yeye Hanad? Anakunywa yapi?"

Lul aliutua mtungi aliokuwa ameushika. Alikuwa anakiona kikombe cha ndugu yake mezani, asubuhi baada ya asubuhi.

"Hanad hunywa chai ya rangi, bila maziwa," alisema. "Tangu Ramadhani. Aliniambia ana vidonda vya tumbo, na dawa nimemnunulia mimi."